Keke au drili? Kipi ununue kwa kazi ya majahazi Lamu

Msumari wa jahazi haupigwi hivi hivi. Usipotangulia kutoboa, mbambakofi, mti mgumu wa majahazi, hupasuka na ubao mzima umekwenda. Tumepanga vifaa vitatu vya kutobolea kwa kazi ya ufukweni, kama pale Matondoni, kijiji cha waunda majahazi.

Namba moja ni drili ya betri ya volti 18. Chagua yenye gia mbili, mdomo wa kubania biti wa milimita 13, na betri mbili za Ah (ampea-saa) 4, moja itoboe nyingine ikijaa. Ya volti 12 inatosha kwa bawaba za kabati. Kwenye mataruma, yaani mbavu za jahazi, itachemka tu. Mbao ngumu hutobolewa kwa gia ya 1. Wengi huiacha kwenye 2, mota ikaunguruma bila kusonga, kisha wakalaumu muuzaji. Kila ukizama sentimita 2 au 3, chomoa biti unga utoke, la sivyo hunasa na kuunguza tundu. Tundu lenyewe liwe jembamba kuliko msumari kwa milimita 1 hivi.

Kabla ya kulipa, bana biti nyembamba, zungusha polepole, tazama ncha. Ikiyumba, iache hapo hapo dukani. Ulizia pia kama betri yake huuzwa peke yake, maana betri ndiyo hufa kwanza, hasa ikiachwa juani. Jioni futa mdomo kwa kitambaa chenye mafuta. Chumvi ya hapa haisubiri.

Namba mbili, na wauza drili wacheke wakitaka, ni keke, kitoboleo cha mkono kizungushwacho kwa uta. Cha kununua ni chuma cha uma tu, yaani ncha itoboayo. Msukano (mti unaozunguka na uma), jivu (kishikio cha juu) na uta fundi huchonga mwenyewe, na kikivunjika kimoja hurudi kazini siku hiyo hiyo. Uma unolewe pande zote mbili, kwa kuwa uta huuzungusha kwenda na kurudi. Ukinolewa upande mmoja, nusu ya nguvu yako inapotea. Kamba ikiteleza msukanoni, ikaze. Jivu likilia, tia tone la mafuta ya nazi. Keke ni ya polepole, na tundu pana huishinda, ila mkono huhisi kifundo cha mti mapema, jambo ambalo mota haikwambii.

Ya mwisho ni drili ya waya, wati 600 hadi 750. Ina nguvu, bei yake nafuu, haichoki. Lakini volti 240 juu ya mchanga uliolowa, maji yakijaa, hapana. Mchonga milango mwenye karakana na soketi mjini aipandishe iwe ya kwanza. Akiitumia kwenye kuta za mawe ya matumbawe, azime kwanza mpigo wa nyundo wa drili, kwani chokaa humomonyoka na tundu la milimita 8 likawa pango. Aanze na biti ya 6, ndipo apanue.