Helmeti ya shilingi 95,000 kutoka Mbuyuni, Moshi: tathmini ya kofia na ya duka

Helmeti ninayoitathmini ni ya kufunika uso mzima, nyeusi isiyong'aa, ukubwa wa L, niliyoinunua kwa shilingi 95,000 katika duka dogo la spea za pikipiki upande wa soko la Mbuyuni, Moshi. Jina la chapa nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu stika za chapa hiyohiyo zimebandikwa kwenye helmeti ambazo ni makasha tu ya plastiki, zinazouzwa shilingi 20,000 hatua chache kutoka hapo, na mnunuzi atakayelishika jina bila kuikagua kofia yenyewe anaweza kurudi nyumbani na kitu kisicho na msaada wowote kichwani.

Sababu ya kuichunguza kofia kwa kiasi hiki ni msiba. Rafiki yangu, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akiendesha bodaboda ya mkataba, yaani ya kumlipa mwenye pikipiki kidogo kidogo, katika kijiwe cha Kiboriloni, alifariki usiku katika barabara ya Himo baada ya kuligonga kwa nyuma lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa wala pembetatu ya kuakisi mwanga. Alikuwa amevaa helmeti. Baadhi ya waombolezaji waliitaja habari hiyo kama uthibitisho kwamba siku ya mtu ikifika imefika, nami sikuwajibu, kwa kuwa msibani si mahali pa mabishano. Lakini kofia ile niliiona. Iliokotwa mtaroni, mbali na alipoangukia, ikiwa nzima na mkwaruzo mmoja tu, kwa maana kifungio cha mkanda wake kilikuwa kimevunjika muda mrefu na mwenyewe alikuwa akiuchomeka mkanda chini ya kidevu ili askari wa usalama barabarani wamwone amevaa. Ndani yake mlikuwa na sponji nyembamba iliyogundishwa moja kwa moja kwenye plastiki, bila tabaka lingine lolote. Zaidi ya michubuko, mwili wake haukuwa na jeraha la kutisha isipokuwa kichwani. Tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la familia, kwao Kibosho, na fedha zilizochangwa kwa ajili ya jeneza, usafiri na chakula cha wageni zingetosha kumnunulia helmeti ya maana kila dereva wa kijiwe kile.

Lori lile lingewekewa pembetatu, au taa ya mbele ya pikipiki yake ingekuwa na mwanga wa kutosha, huenda kofia isingeulizwa kabisa. Hayo yana wenyewe wa kuyajibu; hapa nazungumzia sehemu ambayo dereva anaweza kuinunua mwenyewe.

Kitu cha kwanza nilichokitafuta dukani ni povu gumu, lile jeupe au jeusi la aina inayofungashiwa televisheni, ambalo hukaa kati ya ganda la nje na sponji ya ndani. Watu wengi hudhani ganda ndilo linalokinga, kumbe kazi kubwa ya ganda ni kuusambaza mshtuko na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye, ilhali povu ndilo linalobonyea na kukipa kichwa nafasi ya kusimama taratibu kidogo badala ya kusimama ghafla. Hata pikipiki ikiwa imesimama, kichwa kinachoanguka kutoka urefu wa mita moja na nusu hufika chini kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, na kasha tupu lililobana fuvu huupeleka mshtuko huo kwenye ubongo kama ulivyo. Katika helmeti hii povu linaonekana ukivuta sponji ya mashavuni, ambayo hutoka kwa vifungo vya kubonyeza. Lina unene wa zaidi ya sentimita mbili utosini, na limefika mpaka kwenye paji la uso na kisogoni. Muuzaji asiyekuruhusu kuivuta sponji hiyo ni wa kuachwa na bidhaa yake.

Jambo la pili ni kitambulisho kilichoshonwa kwenye mkanda. Kinaonyesha herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha kofia chini ya kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, kisha namba ndefu inayoanza na 05 au 06 kulingana na toleo la kanuni, na herufi P inayomaanisha kwamba sehemu ya kidevu nayo imepimwa kwa kugongwa. Yangu inaanza na 05, yaani toleo la zamani, ambalo kofia yake hupimwa kwa kuangushwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 27 kwa saa. Toleo la 06, lililo jipya zaidi, limeongeza vipimo vya mwendo mdogo na mkubwa zaidi, pamoja na kipimo cha mzunguko wa kichwa. Kwa bei hii sikutegemea toleo jipya, ila duka lingepaswa kumweleza mteja tofauti hiyo, na halikunieleza mpaka nilipouliza. Kitambulisho nacho kinaweza kughushiwa, ndiyo maana nilianza na povu.

Huduma ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii kwa moyo mweupe. Dada aliyenihudumia alichukua futi ya fundi cherehani, akanipima kichwa kwa kuizungusha juu kidogo ya nyusi na nyuma mahali palipotokeza zaidi, akakataa kuniuzia XL niliyoishika kwa kuwa ilikuwa inaniingia bila shida. Kofia inayoingia bila shida, alisema, itatoka bila shida. Alinivalisha L, akafunga mkanda hadi vidole viwili tu vikapita chini ya kidevu, kisha akashika ukingo wa nyuma na kuisukuma kwenda mbele kwa nguvu zake zote ili aone kama itavuka kichwa. Haikuvuka, ingawa shingo yangu ilikumbuka zoezi hilo hadi jioni. Katika maduka mengine ya mji huu niliyopitia, pamoja na lile la wauza makasha, swali pekee nililoulizwa lilikuwa rangi.

Barabarani, kofia hii ina kasoro ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua. Asubuhi za Juni na Julai, unapopanda kuelekea Kibosho au Marangu katika manyunyu, kioo kinapata ukungu wa pumzi ndani ya muda mfupi, na tundu dogo la hewa lililo kidevuni halisaidii sana, kwa hiyo nalazimika kukiacha kioo wazi kidogo na kuvumilia baridi ya mlima usoni. Mchana wa Januari pale Njia Panda hali ni kinyume: jasho linatiririka, na sponji inabaki na unyevu hadi kesho yake usipoitoa na kuianika. Uzito wake, gramu 1,450 kwa mujibu wa maandishi ya ndani, unachosha shingo katika safari ya Arusha, lakini sio katika mizunguko ya mjini. Usikivu unapungua, ila honi ya daladala bado naisikia vizuri, pengine kuliko ninavyotaka. Kifungio ni cha meno, cha kuvuta kwa kidole gumba hata ukiwa na glavu, na hadi sasa hakijalegea. Kwangu hicho ndicho chenye uzito kuliko ukungu na jasho vyote.

Madereva wa kijiwe cha marehemu waliniambia wazi kwamba shilingi 95,000 ni fedha nyingi kwa mtu anayepaswa kwanza kufikisha hesabu kwa bosi, kisha mafuta, kisha nyumbani, na sikuona uvivu wala ubishi katika maneno hayo. Nilichopendekeza ni kwamba kofia mbili, ya dereva na ya abiria, ziingizwe kwenye mkataba wa pikipiki tangu mwanzo na zilipwe kidogo kidogo, kwa kuwa mwenye chombo ana mali ya mamilioni barabarani na anayemfanyia kazi ndiye injini yake halisi. Bosi mmoja amekubali. Wengine wanasema watafikiria. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69, na pale hospitali ya KCMC, ambako majeruhi wa ubongo wa kanda hii hupelekwa, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuwaleta.

Kuhusu abiria, duka linauza pia kofia nyepesi za uso wazi zenye herufi J kwenye kitambulisho, yaani zisizokinga kidevu, kwa shilingi 60,000. Akina mama wengi hukataa kofia ya bodaboda kwa sababu ya jasho la waliotangulia na kwa sababu ya misuko, na wana haki. Dada wa dukani huuza vikofia vya kitambaa vya kuvaa ndani, ambavyo dereva anaweza kuvifua kila jioni. Nilivinunua vichache na nimeona vinapunguza ubishi.

Risiti wanatoa, na wanabadilisha ukubwa ndani ya wiki moja kama kofia haijadondoshwa, sharti ninaloliona la haki, kwani povu likishabonyea halirudi na kofia iliyopata ajali inapaswa kuachwa hata kama ganda linang'aa. Hawana vioo vya akiba vya modeli hii, na ukubwa wa S ulikuwa umekwisha nilipopita mara ya mwisho, hivyo mwenye kichwa kidogo apige simu kabla ya kufunga safari ya Mbuyuni.