Seva ya mtumba ndani ya nyumba yetu Mwanakwerekwe

Miezi minne sasa ninayo seva hii, kompyuta kubwa ya kuhifadhi mafaili na kuyagawa kwa vifaa vingine, na nasema kwa moyo mmoja: imenifaa. Ina prosesa mbili za Xeon, za aina ya seva, na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya DDR3 ya ECC, yaani inayojisahihisha makosa, GB 48. RAM hiyo ya seva haifanyi kazi kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, ndiyo maana niliipata rahisi.

Taabu ilikuwa diski. Nilitia ya TB 4, ikaonekana TB 2 tu. Kadi ya RAID ya zamani ile, inayounganisha diski na seva, haivuki hapo. Nilipobadilisha kadi, ikasomeka yote.

Feni zinavuma hasa. Mama aliuliza, "Mwanangu, pangaboi gani hili lisilotoa baridi?" Nikaihamishia stoo. Ikikaa bure inakula kama wati 150, yaani uniti 3.6 ikiwaka kutwa kucha, na Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, haina huruma. Naiwasha baada ya Magharibi, tukilala naizima.

Jellyfin, programu ninayoitumia kutazama video zilizomo kwenye seva, ni ya bure, na ndani ya nyumba haihitaji intaneti. Video za 4K (zenye picha kali sana) zikihitaji kubadilishwa muundo zinakwama, kwani prosesa hizi hazina sehemu ya grafiksi ya kusaidia kazi hiyo. Lakini mkanda wa harusi ya dada niliouhamishia humo unatiririka vizuri. Juzi bibi yetu marehemu akatokea, leso begani, anagawa halua. Mama akasema, "Rudisha nyuma, baba."