ABI imenigeuzia kilo kuwa bei, mbele ya mzee wa watu

Bado nina hasira, mnivumilie. Msimu wa korosho uliopita, hapa Mtwara, nilitengeneza apu ya chama kimoja cha msingi ili kumbukumbu za mizigo zikae kwenye blokicheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, asizichezee mtu. Mkataba janja wenyewe, yaani programu inayokaa humo kwenye blokicheni, aliuandika fundi wa Dar. Alinirushia faili la ABI (Application Binary Interface) kwa WhatsApp. Hilo ndilo linaloiambia apu mkataba una kazi zipi, zinapokea nini, zinarudisha nini. Bila hilo unaletewa baiti tupu.

Siku ya kuonyesha kazi, pale ghalani, mzee mmoja akainamia simu yangu.

"Mjukuu wangu, mie nimeleta kilo 640. Hizi 3,120 za nani?" Akasogeza miwani. "Na bei shilingi 640? Si kangomba hii, bei ya walanguzi?"

Watu wakaangua kicheko. Jasho lililonitoka halikuwa la joto.

Kilo na bei zilikuwa zimebadilishana viti. Kumbe fundi alibadili mfuatano wa majibu ya mkataba, akauweka upya kwenye blokicheni, akanitumia anwani yake mpya, ABI akaniachia ile ile ya zamani. Na hakuna kosa hata moja lililojitokeza! Mkataba huitambua kazi kwa baiti 4 za mwanzo za heshi (alama fupi inayokokotolewa) ya jina lake pamoja na aina za vinavyoingia. Vinavyotoka havimo. Uint256 mbili, yaani namba kamili mbili za aina moja, zikipishana, apu inasoma tu, raha mustarehe. Nami kwenye majaribio nilikuwa naangalia jumla ya malipo tu: 640 mara 3,120, ipindue utakavyo, ni 1,996,800.

Nikampigia. "Faili si nilikupa, dogo? Ungesoma mkataba." Akakata. Dogo! Nina watoto wawili mimi.

Nilikusudia kuandika kwamba ABI ni takataka, nyota moja. Ila ABI nayo niipe haki yake: nilipowahi kupachika maandishi mahali pa namba, maktaba ya msimbo ninayotumia ilinigomea palepale kwa sababu ABI ilisema namba. Na hata siku ile faili halikudanganya, lilikuwa likiusema mkataba uliokwishakufa. Siku hizi naomba msimbo wenyewe, nakompaili (naugeuza uwe lugha ya mashine), ABI naitoa mwenyewe. Basi nyota tatu. Nne, nikiwa sijamkumbuka yule fundi.

Mzee sasa anakuja na daftari. Nikimwonyesha simu, anaweka kidole kwenye mstari wake kwanza, ndipo anasoma wangu.