Nusu Saa Juu ya Mlima Nebo: Tathmini ya Ziara ya Siku Moja kutoka Amman

Katika ratiba ya wakala aliyetuuzia safari hii, Mlima Nebo ulielezwa kwa mstari mmoja tu: mahali ambapo Musa aliiona Nchi ya Ahadi. Maneno hayo ni kweli, lakini yameacha nusu ya habari, na nusu hiyo iliyoachwa ndiyo iliyonifanya nitoe fedha zangu. Musa aliitazama nchi akiwa pale juu kwa sababu alikuwa amekatazwa kuingia, na alikatazwa kwa kosa alilolifanya mbele ya watu aliokuwa amewatumikia kwa takriban miaka arobaini. Kwa hiyo ziara hii naipima kwa swali moja: je, msafiri anayepanda mlima ule hushuka akiwa ameelewa ni kwa nini mtumishi mwaminifu kiasi kile safari yake ilikomea kileleni?

Kwa upande wa usafiri sina lawama. Tulikuwa watu kumi na wanne, wengi wetu tukitoka Dar es Salaam na Morogoro, tukapewa basi dogo lililo safi na dereva asiyependa kukimbiza gari. Kutoka Amman hadi mji wa Madaba ni kama kilomita 30, na huko tulisimama kwa muda katika Kanisa la Mtakatifu George kuona ramani ya kale ya nchi takatifu iliyochorwa sakafuni kwa vijiwe vya rangi. Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita 10 hivi kuelekea magharibi. Eneo la kileleni liko mikononi mwa watawa Wafransisko, ambao walilinunua mwaka 1932 na kuanza kuchimba magofu yake mwaka uliofuata. Kiingilio ni dinari chache za Jordan, hulipwa langoni, na njia ya kupanda ina mwinuko mdogo ambao hata wazee wetu waliumudu bila kushikwa mkono.

Kasoro ilianza pale mwongoza watalii wetu alipotukusanya chini ya mti na kutueleza habari yote kwa dakika zisizozidi tatu. Alisema kwamba Mungu alimkasirikia Musa kwa kuwa aliupiga mwamba mara mbili badala ya mara moja, kisha akanyosha mkono kuelekea bondeni, kwenye chemchemi za Ayun Musa, na kusema kwamba mwamba wenyewe ni ule pale. Wenzangu walipiga picha za bonde. Mimi nilibaki na mashaka, kwa sababu Kitabu cha Hesabu, sura ya 20, kinaliweka tukio hilo Kadeshi, mbali sana upande wa kusini, na kwa sababu mji wa Wadi Musa, ulio karibu na magofu ya Petra, nao una chemchemi yake inayodaiwa kuwa ndiyo iliyotoka mwambani. Si vibaya kuwasimulia wageni mapokeo ya wenyeji, ila ni haki yao kuambiwa kwamba hayo ni mapokeo, na kwamba yako zaidi ya moja.

Hilo la mahali ningelisamehe. Lisilosameheka kwa urahisi ni lile la mapigo mawili, kwa sababu linaligeuza kosa la kiongozi kuwa kosa la hesabu. Msomaji anayeifungua sura hiyo anakuta kwamba inaanza na msiba: Miriamu, dada yake Musa, amekufa na kuzikwa Kadeshi, na mara baada ya hapo maji hakuna, na umati unawajia Musa na Haruni kwa maneno makali ya kutamani kwamba wangekufa zamani. Mungu anamwagiza Musa aichukue fimbo, awakusanye watu, na auambie mwamba utoe maji. Miaka mingi nyuma, huko Refidimu, kama inavyosimuliwa katika Kutoka 17, agizo lilikuwa aupige mwamba, naye akaupiga, na maji yakatoka. Safari hii ameambiwa aseme, naye akapiga. Hakubuni jambo geni hata kidogo. Alirudia lile ambalo mikono yake ililizoea na ambalo liliwahi kufaulu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mtu yeyote aliyekaa katika uongozi kwa muda mrefu anapopaswa kushtuka.

Kisha yako maneno aliyoyatamka kabla ya kuinua fimbo. Biblia ya Kiswahili tuliyolelewa nayo inayaandika hivi: "Sikieni sasa, enyi waasi, je! tuwatokezee maji katika mwamba huu?" Lugha yetu inatusaidia sana mahali hapa, kwa kuwa shauri zima limejificha ndani ya kiambishi kimoja. Hiyo "tu" ya "tuwatokezee" inamtaja Musa na kaka yake, na inamwacha nje Yule mwenye maji. Hukumu iliyotolewa katika aya ya 12 haihesabu mapigo. Inasema kwamba hawakumwamini Mungu ili kumstahi mbele ya macho ya wana wa Israeli, na kwa sababu hiyo hawataliingiza kusanyiko katika nchi. Na jambo linaloniogopesha kuliko yote ni kwamba maji yalitoka, tena kwa wingi, watu wakanywa pamoja na mifugo yao. Mama aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na mtungi wake hangeweza kujua kwamba mambo yameharibika. Angerudi hemani akimsifu Musa.

Mwongoza watalii makini angekuwa na mengi ya kueleza juu ya yaliyofuata, maana matokeo ya siku ile hayakuja yote kwa pamoja. Haruni alitangulia: sura hiyo hiyo inaeleza jinsi alivyopandishwa Mlima Hori, akavuliwa mavazi yake ya kikuhani, akavikwa mwanawe Eleazari, na akafa hapo juu. Musa yeye aliendelea kuongoza, kupigana vita na kuamua mashauri akijua mwisho wake, na katika Kumbukumbu la Torati 3 anakiri kwamba alimsihi Mungu amruhusu avuke, akajibiwa kwamba imetosha, asiliseme tena jambo hilo, bali ampe Yoshua maagizo na kumtia moyo. Hapo kuna kipengele ambacho sijawahi kukisikia kikihubiriwa vya kutosha. Akilisimulia taifa habari hiyo, Musa anasema zaidi ya mara moja kwamba Bwana alimkasirikia "kwa ajili yenu". Zaburi ya 106 inamuunga mkono kwa kiasi, kwani inasema watu ndio waliomchokoza hata akasema yasiyofaa. Hata hivyo hukumu haikusogea. Waliomchokoza walikunywa maji, watoto wao wakavuka Yordani, na aliyechokozwa akabaki ng'ambo ya huku. Nikiri kwamba niliposhuka mlimani bado nilikuwa nikiliona jambo hili kuwa zito, na sikutaka mtu anirahisishie.

Sehemu bora ya ziara ni ukumbi wa wazi ulio mbele ya kanisa, na hapo hakuna mwongoza watalii anayehitajika. Umesimama kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, ukiitazama Bahari ya Chumvi iliyo zaidi ya mita 400 chini ya usawa huo huo, kwa hiyo ardhi inaporomoka mbele ya miguu yako kwa zaidi ya mita 1,100. Kibao cha shaba kinaonyesha upande ilipo miji: Yeriko, Bethlehemu, Hebroni, na Yerusalemu ambayo iko umbali wa kilomita 46 tu kwa mstari ulionyooka, yaani kama kutoka Posta hadi kuipita Kibaha kidogo. Siku yetu palikuwa na ukungu wa vumbi, na Yerusalemu hatukuiona. Yeriko ilikuwa doa la kijani lililofifia.

Mzee mmoja wa kanisa katika kundi letu, ambaye amehudumu katika usharika wake kwa zaidi ya miaka thelathini, aliniita kando akaniomba nimsomee Kumbukumbu la Torati 34, kwa kuwa upepo ulikuwa ukimtoa machozi na miwani haikumsaidia. Nilisoma huku yeye akizishikilia kurasa kwa vidole viwili zisipeperuke. Nilipofika pale panaposema kwamba Musa alikuwa na umri wa miaka 120, na kwamba jicho lake halikupofuka wala nguvu zake hazikupungua, alinigusa mkono nisite. "Basi, mwanangu, hakuzuiwa na uzee," alisema. "Angeweza kabisa kufika." Baada ya hapo hakusema neno tena, nami sikuendelea kusoma. Sura yenyewe inamalizia kwa kueleza kwamba hakuna ajuaye kaburi lake, na kwamba hakuinuka tena katika Israeli nabii kama yeye. Heshima yake haikufutwa, lakini haikutumika kumbadilishia hukumu.

Ndani ya kanisa, ambalo lilifunguliwa tena mwezi wa Oktoba mwaka 2016 baada ya ukarabati mrefu, kuna sakafu ya vijiwe ya mwaka 531 ambayo peke yake inatosha kumlipa mtu nauli. Imechorwa wawindaji, wachungaji na wanyama, na katika safu moja yuko kijana mweusi aliyeshika kamba ya mbuni, na jirani yake pundamilia na mnyama mwenye madoa ambaye fundi, nadhani, alimkusudia kuwa twiga bila kuwahi kumwona. Nje kuna mzeituni uliopandwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2000, na sanamu ya nyoka wa shaba iliyotengenezwa na Mwitaliano Giovanni Fantoni, ambayo ndiyo inayopigwa picha kuliko kitu kingine chochote. Nyoka huyo ni wa Hesabu 21. Kuhusu sura ya 20, ambayo ndiyo sababu ya mlima huo kujulikana, sikukutana na maelezo yoyote katika njia tuliyopitishwa.

Malalamiko yangu makubwa ni ya muda. Tulipewa nusu saa kileleni, kisha tukapelekwa katika duka moja la michoro ya vijiwe lililo kando ya barabara ya kurudi Madaba, tukakaa humo saa nzima na dakika kumi tukionyeshwa meza ambazo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuipakia kwenye ndege. Anayetaka kwenda namshauri aandikiane na wakala mapema kwamba kileleni wakae angalau saa moja na nusu, wafike asubuhi kabla vumbi halijapanda, na wabebe nguo nzito miezi ya baridi kwa sababu upepo wa pale hauna huruma. Aende pia akiwa ameisoma Hesabu 20 na sura tatu za kwanza za Kumbukumbu la Torati, asitegemee kusomewa huko. Usafiri naupa nyota nne kati ya tano, maelezo nayapa mbili, na ule ukumbi wa mbele ya kanisa naupa zote tano.

Tulipokuwa tukipanda basi, yule mzee alimuuliza mratibu wetu kama jioni ile tutashuka bondeni na kuvuka mto hadi Yeriko. Mratibu aliipekua ratiba, ingawa nafikiri jibu alilijua. "Hapana, mzee wangu, samahani. Kifurushi chetu ni cha upande huu tu." Mzee aliitikia kwa kichwa, akaomba akae dirishani, upande wa magharibi.