Dawa za jikoni kwa ukungu wa bustani: ipi inafanya kazi na ipi ni changa la macho

Wenye vibustani nyuma ya nyumba huku Mbeya sikilizeni, hizi dawa za jikoni tunazoambiwa tupulizie kwenye mimea zingine zinafanya kazi kweli ila kwa ugonjwa mmoja na nusu, baada ya hapo unajifurahisha tu. Shida yetu mtu akiona jani limebadilika rangi anasema ukungu, anakoroga chochote alichosikia kwa jirani anapuliza, mmea ukifa dawa za asili ni uongo, ukipona ni muujiza, na muda wote huo hajui alikua anatibu nini. Mimi niko Uyole, nina maboga, tango, nyanya na mawaridi ya mke wangu ambayo yanaugua kuliko kitu chochote humu ndani, kwaiyo hizi zote zimepita mkononi mwangu.

Maziwa ndo namba moja, nayapa nyota nne na nusu. Nilikua najua ni stori za vijiweni mpaka nikajua kuna mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha utafiti wake mwaka 1999, alipulizia maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji kwenye mimea ya jamii ya maboga ndani ya banda na yakaubana ubwiriunga vizuri kabisa, yakiwa mengi kidogo yakashindana hadi na sumu za dukani. Ubwiriunga ni ule ugonjwa jani linakua kama limemwagiwa sembe, ukipitisha kidole kinatoka cheupe, na huku kwetu unakuja hasa kiangazi mchana kukavu usiku baridi. Wenyewe hauhitaji jani lilowe ndo maana watu wanashangaa mvua hamna ukungu umetoka wapi. Kikombe kimoja cha maziwa fresh kwa vikombe tisa vya maji, puliza asubuhi jua likiwa linatoka maana bila jua hayafanyi kazi vizuri, mara moja au mbili kwa wiki, juu na chini ya jani. Kwenye boga langu lile doa jeupe likageuka la kijivu likakauka hapo hapo, jani lenyewe halikurudi kuwa kijani (usitegemee hilo) ila majani mapya yakatoka masafi. Nusu nyota nimeikata kwa sababu ya harufu, ukizidisha yanaganda kwenye jani yananuka mpaka mgeni anauliza. Toa kwanza ile krimu ya juu, unywe na chai, inapungua.

Baking soda nyota tatu. Kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili ishike kwenye jani, usiweke sabuni ya unga. Inazuia zaidi ya inavyotibu, yaani ukianza vile vidoa bado viwili vitatu utaona faida, ukisubiri jani zima limekua jeupe umechelewa. Na hapa muwe makini sana dukani, ukisema tu "soda" unaweza kupewa magadi, yale ni makali zaidi na yanababua majani, na baking powder nayo ni kitu kingine. Jaribu kwanza jani moja, kesho yake ukiona kingo zimekua za kahawia punguza kipimo, na usipulize jua la saa sita. Kingine ile chumvichumvi yake inabaki kwenye udongo, wanaopanda kwenye ndoo na makopo wasiitumie kila wiki.

Kitunguu saumu nyota mbili, kina nguvu ya kuua ukungu kweli ila ile nguvu inapotea haraka mno, ukitwanga leo tumia leo. Bei ya saumu yenyewe sasa hivi bora niweke kwenye maharage.

Majivu nyota moja kwa ukungu. Najua bibi zetu wote wametumia na mimi nayaheshimu, yanasumbua wadudu na yana potasiamu, lakini ubwiriunga ukishaingia hayautoi.

Sasa nyanya na viazi. Huu ndo msiba wa huku kwetu, mvua zikianza na ule ukungu wa baridi wa milima ya Uporoto ukishuka, ile bakajani chelewa haijui maziwa wala soda. Unaona baka jeusi kama limelowa maji, asubuhi geuza jani utakuta utando mweupe pembeni ya baka, ndani ya wiki shamba limekwisha linanuka. Ndo iliyoteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845 watu wakafa njaa, na kisayansi hata sio ukungu halisi, iko karibu zaidi na mwani. Hapo nenda duka la pembejeo. Cha karibu na dawa ya nyumbani ni mrututu (ile chumvi ya bluu ya shaba) na chokaa, ambao Mfaransa Millardet aliutangaza mwaka 1885 kule Bordeaux kwa ajili ya zabibu: gramu kumi za mrututu na gramu kumi za chokaa kwa lita, koroga kwenye ndoo ya plastiki sio ya bati maana inakula chuma, na upulize kabla ugonjwa haujaingia. Vaa glovu, ule sio uji.

Nyanya ikinyauka ghafla ikiwa bado ya kijani usipulize chochote, kata kipande cha shina chini karibu na udongo kitundike kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama moshi unashuka huo ni mnyauko wa bakteria, ng'oa choma. Na majani yenye mabaka yaliyochimbwa ndani kwa ndani ni kantangaze, huyo ni mdudu.

Kuna chupa niliuziwa sokoni imeandikwa dawa ya asili ya ukungu wote, haina orodha ya vilivyomo wala kipimo, ndani inanuka sabuni na pilipili. Bei yake ningepata maziwa ya mwezi. Sifuri. Kilichonisaidia zaidi ni kile kipampu kidogo cha mkono cha kupulizia, bila hicho huwezi kufika chini ya jani, na kumwagilia asubuhi kwenye shina badala ya kunyeshea majani jioni.

Anayejua duka linalouza mrututu kwa kupima hapa mjini aniambie, mimi kila nikiuliza naambiwa mfuko mzima na bustani yangu ni hatua kumi tu.