Jukwaa la miguu au meli ya kuchoronga?
Ukichoronga kisima cha mafuta au gesi baharini, kwenye maji ya kina kisichozidi takriban mita 120, chagua jukwaa la miguu. Linakanyaga sakafu ya bahari, halisukwi na mawimbi, na vali za kuzuia mlipuko wa kisima ziko juu, fundi anazifikia kwa mikono. Hatari ni udongo: mguu mmoja ukitoboa tabaka gumu, jukwaa zima huinama. Ndiyo maana matangi ya jukwaa hujazwa maji ya bahari kwanza, uzito uijaribu ardhi.

Meli hubakizwa juu ya kisima kwa propela zinazoongozwa na satelaiti. Umeme ukikatika, meli itapeperuka, hivyo bomba linaloiunganisha na kisima liachiwe haraka! Vali ziko chini kabisa, kwenye sakafu ya bahari. Kuzipandisha kwa matengenezo huchukua siku. Lakini gesi ya Tanzania iliyo kwenye kina cha maji kinachozidi mita 2,000 hufikiwa na chombo kinachoelea tu.