Psycho-Pirate: Mhalifu Mwoga Mwenye Kinyago cha Dhahabu

Nimemaliza kusoma mkusanyo wa Crisis on Infinite Earths, hadithi ya katuni ya matoleo 12 iliyochapishwa na kampuni ya DC kati ya 1985 na 1986, na aliyenikaa akilini si Anti-Monitor anayeangamiza malimwengu, bali mtumishi wake, Roger Hayden, maarufu kwa jina la Psycho-Pirate. Kwa kinyago chake cha dhahabu, mtu huyu humtia amtazamaye hofu, chuki au furaha apendavyo. Lakini mwenyewe ni mraibu wa hisia hizo, na woga wake haufichiki. George Pérez amemchora vizuri mno: macho yamemtoka, uso umekunjamana, na hata anapomtesa shujaa Flash aliye kifungoni huonekana kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari. Maandishi ya Marv Wolfman, kusema kweli, yamejaa maelezo kupita kiasi, na msomaji mgeni atachoshwa na msururu wa mashujaa asiowajua. Hata hivyo, ukurasa wa mwisho, ambapo Hayden amefungiwa Arkham, hospitali ya wahalifu wendawazimu, huku akiendelea kuyakumbuka malimwengu yaliyofutika, niliurudia mara tatu kabla ya kukifunga kitabu.